Jino Zima Lililong'olewa Tooting

Nakumbuka Alhamisi moja, mwanangu, nimekaa kwenye kiti cha daktari wa meno kule Tooting, mdomo wazi, na meno yangu yote ni mazima. Hapakuwa na hata moja lililokuwa likiuma. Pembeni yangu amesimama Bi Zuwena, mama aliyenipa chumba nilipofika mji huu, amenishika mkono kwa mikono yake miwili, na anamweleza daktari kwa Kiingereza chake kidogo kwamba mtoto huyu anateseka. Daktari akachukua kijiti cha chuma, akaanza kugonga jino moja baada ya jingine. Hili? Hapana. Hili je? Hapana. Na mimi nimelala pale, nachagua kichwani ni jino gani nilitoe kafara.

Nitakueleza nilifikaje kwenye kiti kile. Lakini kwanza nikwambie kwa nini nakuandikia wewe, Deo.

Jumapili iliyopita ulikuja kuniaga hapa kwangu Woolwich. Ukaniambia umepata kazi Cape Town, kwenye nyumba ya wauza mvinyo, na kwamba Jumamosi ijayo unapanda ndege. Macho yalikung'aa. Ukanieleza habari za zabibu zinazoota mlimani na zinazoota bondeni, na upepo wa bahari unavyozibadilisha, na mimi nikakusikiliza kwa raha. Ni kijana mmoja katika wengi anayejua hasa anachokipenda. Kisha ukashusha sauti, ingawa tulikuwa wawili tu sebuleni.

"Babu, mama asijue. Nimemwambia ni kazi ya hoteli. Mapokezi."

"Kwa nini umemwambia hivyo?"

"Si unamjua mama na kanisa lake? Akisikia mvinyo ataanza kufunga na kuomba mpaka ndege iharibike."

Nilicheka, Mungu anisamehe, nikakuahidi kwamba nitanyamaza. Ulipofunga mlango nikaanza kujuta. Ahadi sitaivunja, mama yako hatasikia neno kutoka kwangu, hata nikikutana naye kwenye lifti ya jengo letu anatoka zamu. Ila kukunyamazia wewe sikuahidi. Barua hii usimpe akusomee kama unavyompa barua nyingine za Kiswahili. Isome mwenyewe, polepole, kwa sauti, utaelewa.

Mimi nilikuja London miaka michache baada ya mapinduzi ya Zanzibar. Nilikuwa nimemaliza sekondari Unguja, nikarudi kwetu Pemba kukaa tu, na siku zikawa nzito kwa vijana waliosoma. Nilivyoondoka ni hadithi nyingine. Mama yangu hakunisindikiza bandarini. Aliniagia jikoni, ili majirani wasione, akanipa jina moja la kushika kichwani: Bi Zuwena, mtu wa kwetu, anakaa London, mahali paitwapo Tooting. "Ukifika kwake, umefika kwangu," akasema.

Bi Zuwena alikuwa mjane wa miaka kama arobaini na mitano, mwembamba, mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake. Alikaa ghorofani, juu ya duka la Bwana Jamnadas, Mhindi wa kwetu aliyezaliwa Unguja na kuhama kama tulivyohama sisi. Tulikuwa vijana watatu katika chumba kimoja, wote watoto wa watu aliowajua au aliojuana nao kwa salamu. Kanuni za nyumba zilikuwa chache. Viatu mlangoni. Jumapili tunakula pamoja. Na ya tatu, ambayo hakuna aliyethubutu kuivunja: mtu wa kwetu haendi kwa daktari peke yake. Mumewe alikwenda hospitali peke yake asubuhi moja, akasema ni jambo dogo, msinisindikize. Alifia huko, katikati ya watu wasiojua hata kulitamka jina lake. Tangu siku hiyo Bi Zuwena alipeleka watu kwa daktari kwa mkono wake, hata aliyeumwa mafua.

Nilipata kazi kwenye mkahawa mmoja mkubwa katikati ya mji. Mwanzo nilikuwa naosha gilasi, baadaye wakanishusha chini kubeba chupa. Huko chini palikuwa na mzee wa Kireno aliyetunza mvinyo, mtu wa maneno machache. Siku moja alifungua chupa, akamimina kidogo, akanisogezea. "Usinywe," akasema. "Nusa, uniambie."

Nikanusa. Nikamwambia nasikia zambarau mbivu, na chini yake kitu kama jiwe lililonyeshewa. Mzee akanitazama.

"Pua hii umeitoa wapi?"

"Pemba."

"Pemba ndiko wapi?"

"Kwenye karafuu."

Ndivyo ilivyokuwa. Mimi nimekulia kwenye karafuu, mwanangu. Tangu mdogo ungeweza kunifumba macho, ukanipa konzi moja ninuse, nikakwambia zimeanikwa siku ngapi na kama mvua iliziwahi. Sikujua kwamba hiyo ni elimu. Yule mzee ndiye aliyeniambia, na sitakudanganya, nilifurahi kama mtu aliyeitwa kwa jina lake katikati ya umati. Kila siku alinipa kitu kipya cha kunusa. Mvinyo mmoja ulinikumbusha bungo. Mwingine pilipili manga. Mwingine ngozi mpya ya viatu vya skuli. Nilikuwa na miaka ishirini na moja, kwenye chumba kisicho na dirisha, na nilikuwa natembea dunia nzima kwa pua.

Kwa hiyo usidhani nakuandikia kama mtu asiyejua unachokipenda. Nakijua. Nilikipenda.

Mwanzo nilinusa tu. Kisha nikaonja na kutema, kama nilivyofundishwa. Kisha nikaacha kutema. Mchana, chakula cha mchana kikishaisha na mkahawa ukiwa kimya, zilibaki chupa zenye mabaki, na mimi nilibaki nazo. Nilijipa neno zuri la kujidanganyia: nasoma. Barua za nyumbani zilikuwa zinafika zimekwisha kufunguliwa na watu wengine njiani, kwa hiyo mama yangu aliandika kwamba wote wazima, mvua imenyesha, basi. Nikisoma ile karatasi, kifua kinabana. Nikinywa, kinalegea. Nilikuwa naupenda mvinyo, na hilo ni kweli. Nilikuwa nakunywa nisisikie upweke, na hilo nalo ni kweli. Yote mawili yalikuwa kwenye gilasi ile ile, na kwa macho huwezi kuyatenganisha.

Kila siku nilirudi Tooting saa kumi na moja jioni, na mlangoni yupo Bi Zuwena, anayesali sala tano na anayenipokea kwa niaba ya mama yangu. Ilibidi niue harufu. Na hapa ndipo nilipofanya kosa ambalo Mwingereza asingelifanya, maana Mwingereza angenunua peremende akatafuna. Mimi Mpemba nilitia mkono kwenye mkebe wa jikoni, nikajaza karafuu mfukoni mwa koti, nikawa natafuna kutoka stesheni mpaka nyumbani. Sikufikiri. Nilisahau kwamba kwetu mtu anayetafuna karafuu anayo sababu moja tu.

"Hamadi, karafuu tena?" Bi Zuwena akaniuliza siku ya nne au ya tano.

Nikababaika. "Jino, Bi Zuwena."

"Masikini! Lipi?"

Nikashika shavu la kulia. Kesho yake akaniuliza linaendeleaje, nikashika shavu la kushoto.

"Jana si lilikuwa la huku?"

"Maumivu yamehama."

"Hayahami hayo, yanaenea," akasema, na uso wake ukaingia wasiwasi wa kweli. Kuanzia hapo nikawa nalishwa uji na viazi vya kuponda. Nyama yangu aliigawa kwa wale wenzangu wawili, wakaila wiki nzima mbele ya macho yangu, na mmoja wao kila akimaliza ananiambia, "Pole sana, Hamadi. Mungu akikupa nafuu tutaikumbuka nyama hii." Nikacheka nao. Uongo wangu ulikuwa unanichekesha wakati ule.

Bi Zuwena akanitafutia daktari. Alhamisi, saa tatu asubuhi.

Sasa uelewe Alhamisi ile ilikuwa siku gani. Mama yake Bi Zuwena, Bi Mwanaidi, alikuwa bado Pemba. Hawakuwa wamesikiana sauti tangu Bi Zuwena alipoondoka kwao. Kule Pemba hakukuwa na simu ambayo mtu angezungumza kwa uhuru na binti aliyekimbia. Basi yule bibi mzee akaomba ruhusa ya kwenda Mombasa kutibiwa macho. Aliomba mara nyingi mpaka akapewa, akapanda meli, akaenda kwa ndugu yao mwenye simu. Wakapanga kwa barua za mafumbo: Alhamisi fulani, saa tano asubuhi ya London, apige simu dukani kwa Jamnadas. Jioni ya siku hiyo hiyo meli ya kurudi Pemba inaondoka, na ruhusa yake inakwisha.

Nyumba nzima tulijua. Bi Zuwena alipiga pasi gauni lake tangu Jumatano, kana kwamba simu ina macho. Nilipomwambia nitakwenda kwa daktari peke yangu, akanikatiza.

"Saa tatu mpaka saa tano ni saa mbili nzima. Jino gani hilo linalotaka saa mbili?"

"Lakini Bi Zuwena, leo simu..."

"Mama yako akiniuliza alikwenda na nani, nimjibu nini? Vaa koti."

Tulisubiri tukaitwa karibu na saa nne. Daktari akagonga meno yangu yote, akanimulika kwa taa, akagonga tena. Mwisho akasimama wima akasema, "Sioni ubovu wowote. Labda arudi wiki ijayo tuangalie upya."

Mwanangu, ule ulikuwa mlango, na ulikuwa wazi. Ningesema tu, kweli daktari, leo naona nafuu. Tungefika nyumbani saa nne na nusu. Lakini Bi Zuwena akaja juu: "Wiki ijayo? Mtoto hali nyama siku nane!" Na mimi nikawaza haraka haraka, kama waongo wanavyowaza. Nikisema haliumi, ataniuliza: na karafuu je? Nikanyanyua kidole nikagusa gego la chini, upande wa kushoto.

"Hili."

"Una hakika?" daktari akaniuliza.

"Nina hakika."

Jino zima halitoki kwa hiari. Lina mizizi yake, limekaa kwake, halijui limekosa nini. Daktari alitoka jasho. Kulikuwa na saa ukutani, nami nikiwa nimelala niliiona vizuri kuliko mtu yeyote chumbani. Ilipofika saa tano kasoro kumi, Bi Zuwena aliitazama mara moja tu. Nikajaribu kumwambia aende, kwa ulimi uliokufa ganzi. "Nyamaza, usiseme na damu mdomoni," akanijibu, akazidi kunibana mkono. Kiganja chake kilikuwa kimelowa.

Tulitoka saa tano na robo. Alinivuta kwa mkono wa koti barabara nzima ya Tooting, anakwenda nusu anatembea nusu anakimbia, na gauni lile lililopigwa pasi likirushwa na upepo, na mimi nyuma yake na pamba shavuni.

Jamnadas alikuwa amesimama mlangoni mwa duka. Kawaida alikuwa na mzaha kwa kila mtu anayeingia. Siku hiyo hakuwa nao.

"Kapiga?" Bi Zuwena akauliza.

"Kapiga, dada. Kasubiri. Kapiga tena. Ya tatu ikakatika, haikurudi."

"Kasemaje?"

"Kauliza uko wapi. Nikamwambia, bi mkubwa, mwanao kampeleka kijana wa watu kung'oa jino. Ndiyo anarudi, yuko njiani, subiri kidogo."

"Akasema?"

"Akasema, basi hajambo, kama bado anapeleka watu kwa daktari."

Bi Zuwena akakaa juu ya gunia la mchele lililokuwa karibu na mlango. Hakulia. Alikaa kidogo akitazama simu ile nyeusi juu ya kaunta, halafu akanigeukia. "La muhimu umepona," akasema. "Hebu nione. Damu imeacha?"

Nimesikia maneno mengi makali maishani, ya mabwana wa kazi, ya watu wa mitaani waliotutaka turudi kwetu. Hakuna lililoniingia kama hilo.

Na bado nilinyamaza. Nakiri. Nilinyamaza Alhamisi, nikanyamaza Ijumaa. Jumamosi nilishuka dukani kununua sabuni. Daktari alikuwa amenipa lile jino limefungwa kwenye karatasi, lilikuwa bado mfukoni, na nilipotoa mkono likaangukia kaunta. Jamnadas akalichukua akaligeuza kwenye mwanga. Yeye alikuwa na meno kama sita kinywani.

"Weye Hamadi. Jino hili lingenizika mimi na wanangu. Zima kabisa. Karafuu ulikuwa unatafunia nini?"

Nikanyoosha mkono nilichukue, hakunipa.

"Nauza karafuu tangu Darajani, sokoni Unguja. Namjua anayeumwa na namjua anayeficha. Anayeumwa anatafuna upande mmoja. Weye ulikuwa unatafuna kama ng'ombe."

"Utamwambia?"

"Mimi nauza mchele na sabuni, siuzi maneno. Lakini utapita hapa kila siku, na kila siku nitakutazama." Akanirudishia jino langu, akanipa na sabuni.

Jumapili tulikula pamoja, kama kawaida. Wenzangu wakaondoka kwenda kutazama mpira, mimi nikabaki. Bi Zuwena akaniwekea kipande kikubwa cha nyama, cha kwanza tangu jino lianze. "Tafunia upande wa pili," akasema. Nikakitazama kile kipande. Nikasema yote. Nilianza na jino, nikarudi nyuma kwenye karafuu, nikafika kwenye mvinyo, na nilipomaliza sikuwa na ujasiri wa kunyanyua uso.

"Mvinyo," akasema.

"Ndiyo."

"Tangu lini?"

"Tangu baridi ilipoanza."

"Na jino halikuwa likiuma."

"Halikuwa."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo, Bi Zuwena."

Akainuka, akanawa mikono, akaifuta kidole kimoja kimoja. Nilijua anakwenda kuniambia nifunge mizigo. Akarudi akakaa.

"Mambo ya mvinyo utakwenda kumjibu aliyekuumba. Mimi si karani wake. Jino ni lako, hukuiba. Lakini saa ile ya mama yangu ilikuwa yangu, Hamadi. Nilikupa wewe kwa sababu nilidhani unaumwa." Sauti yake kubwa ilikuwa imepungua mpaka ikabidi niinamishe kichwa kumsikia. "Ungeniambia ukweli siku ya kwanza, ningekukasirikia. Ningepiga kelele mpaka Jamnadas angesikia chini. Halafu ingefika Alhamisi, saa tano, nami ningekuwa dukani nazungumza na mama yangu, huku bado nimekukasirikia. Umeona? Hasira yangu ulikuwa unaiogopa bure. Ingekuwa ndogo. Ulichokikimbia ni kidogo, ulichokichukua ni kikubwa."

Hakunifukuza. Aliniwekea karatasi na kalamu mezani, akasema niandike barua kwa Bi Mwanaidi kueleza kwa nini binti yake hakupokea simu. Niandike mwenyewe, kwa jina langu.

"Lakini barua zinafunguliwa," nikamwambia.

"Ndiyo. Na wao wasome, wajue huku vijana wetu tunawalea vipi."

Niliiandika mara nne. Mara tatu za mwanzo nilijitetea, akanirudishia.

Majibu yalichukua miezi. Yalipofika, Bi Zuwena alinisomea sehemu yangu akiwa amesimama, kwa sauti, mbele ya wenzangu. Bi Mwanaidi alikuwa ameuliza swali moja: jino lenyewe ni la mbele au la nyuma? Kama ni la mbele, mumwoze upesi, kabla hajazoea kucheka mbele za watu. Kisha, chini kabisa, kwamba macho yake bado hayajapona, na karafuu zikishaanuliwa ataomba ruhusa ya Mombasa kwa mara nyingine.

Alipewa. Ilikuwa imepita miezi tisa. Siku hiyo Bi Zuwena alikuwa dukani tangu saa tatu asubuhi, amekaa kwenye kiti ambacho Jamnadas alimwekea kando ya simu, na wateja wakawa wanapita wakinong'ona kama wako msikitini. Simu ililia saa tano na dakika mbili. Aliinyakua, akasema, "Mama," kisha akawa anasikiliza tu kule kupumua kwa mama yake. Halafu wakazungumza. Unajua walizungumza nini? Bei ya vitunguu. Kama mbuzi yule mweusi bado yupo. Kama anavaa soksi huko kwenye baridi. Ukiwasikia ungedhani walionana juzi. Kisha akaninyooshea mkono wa simu.

"Anamtaka mwenye jino."

Nikaishika. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Ndiye Hamadi?"

"Ndiye mimi, bibi."

"Unakula nyama sasa?"

"Nakula, bibi."

"Haya. Mrudishie mwanangu simu, usinimalizie dakika."

Simu ile ilikuwa ya kwanza kwao na ya mwisho. Mwaka uliofuata Bi Mwanaidi alifariki. Bi Zuwena aliishi miaka mingi baadaye. Alinisimamia harusi yangu, alibeba wanangu, na hakuwahi hata siku moja kuniambia kwamba zingekuwa simu mbili. Mimi ndiye ninayezihesabu.

Utaniuliza kama niliacha mvinyo siku ile. Sikuacha. Nilipunguza, nikarudi, nikapunguza, na nilipokuja kuacha ilikuwa ni baina yangu na Mola wangu, wala sitaki kujifanya shujaa kwenye karatasi. Kilichokwisha siku ile ni kuficha. Nilikuwa nikinywa, nalala kwa rafiki upande wa pili wa mto, na Bi Zuwena anajua nimelala wapi na kwa nini. Asubuhi nikirudi ananitazama kwa jicho baya na kuniwekea chai. Hiyo ilikuwa amani, mwanangu, ingawa haikuwa na sura ya amani.

Leo nimezeeka, nimeridhika. Nina wajukuu wanaonijibu kwa Kiingereza na kucheka kwa Kiswahili. Pua yangu bado nzima. Nikipita sokoni hapa Woolwich bado nafumba macho kwenye meza ya viungo, muuzaji ananiona mwendawazimu. Kwa hiyo sikuandikii kukukataza kitu. Wewe si wa dini yangu, na hata ungekuwa, ni mtu mzima. Nakuomba jambo moja, na mengine utachukua ukiona yanafaa.

Mwambie mama yako. Usingoje ufike huko umwambie kwa simu. Mwambie kabla ya Jumamosi, ukiwa umekaa naye, simu zenu zimewekwa mbali. Atakasirika. Atafunga, ataomba, pengine atamleta mchungaji. Mwache. Hasira ya mama mliyekaa naye chumba kimoja huwa na mwisho, unaweza kuiona ikipungua. Lakini ukimwacha na uongo, atakuwa anakuombea kila siku kwenye mapokezi ya hoteli ambayo hayapo, na siku utakapomhitaji kweli huko ugenini, utashindwa kumwambia unaumwa wapi kwa sababu itabidi uanze kwa kumweleza uko wapi.

Ukifika Cape Town, tafuta watu kabla ya kutafuta chupa. Popote utakapopanga, sema siku ya kwanza unafanya kazi gani. Nasikia mji ule una Waislamu wengi wa tangu zamani. Ukipata chumba kwenye nyumba isiyoingiza mvinyo, uache kazini, wala usijione umedharauliwa. Ukialikwa chakula na mtu asiyejua tofauti ya zabibu hii na ile, kula, sifu mchuzi, elimu yako ifunge mdomo. Na ukienda kwenye mashamba, waulize majina wale wanaochuma. Nimesoma kwamba zamani huko kulikuwa na mashamba yaliyowalipa wachumaji mvinyo badala ya sehemu ya ujira, na vizazi viliharibika. Sisi tuliochuma karafuu tunajua ilivyo, watu kusifu harufu na wasijue ni mkono wa nani ulioitoa mtini.

Halafu jichunguze. Kunywa na watu, na chakula, mchana kweupe, na uuzungumzie mvinyo wako kwa furaha ile niliyoiona Jumapili. Siku utakayogundua kwamba unauhitaji zaidi ukiwa peke yako, na kwamba hujali tena mvinyo wenyewe unanukia nini, weka gilasi chini umpigie mtu. Nipigie mimi. Sitakuhubiria, nitakuuliza umekula nini.

Mwenyezi Mungu, ambaye mama yako anamwita kwa lugha ya kanisa lake na mimi kwa lugha ya sala zangu, akutangulie katika safari hii. Akupe majirani wema kabla ya nyumba nzuri. Akuhifadhie ulimi wako na akili yako. Akupe mtu wa kukushika mkono siku utakayoumwa, na akupe moyo wa kumwambia kweli mtu huyo. Na Jumamosi, mama yako akusindikize mpaka uwanjani, analia ikibidi, amekununia ikibidi, lakini anajua unakokwenda. Amin.